Shajara ya mradi: taa za mazabodi zilizogoma baada ya kubadilisha prosesa, RAM na feni

Hali ya kuanzia

Mashine ni kompyuta ya mezani ya kuhariri video. Mazabodi yake ni ya soketi AM4, chipuseti B450. Ilikuwa na Ryzen 5 1600, RAM ya GB 16 isiyo na taa na kadi ya picha ya GTX 1660. Kadi inabaki. Vinavyoingia ni Ryzen 7 5700X, RAM mbili za GB 16 zenye taa, kipozaji kipya cha prosesa chenye LED 20, feni tatu za mbele zenye LED 12 kila moja, feni ya nyuma yenye LED 8, na ukanda wa LED wa mita moja wenye LED 60.

Shajara inahusu taa tu, kwa hiyo bei ya prosesa na RAM haimo. Bei zilizomo ni za Kariakoo, kwa shilingi za Tanzania.

Anayetaka kuiga kazi hii atenganishe kwanza aina tatu za taa, maana kila moja ina bwana wake. Kuna taa nne ndogo za uchunguzi, zimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (kufungua mfumo), ziko pembeni mwa plagi kubwa ya umeme ya pini 24. Hizi hazina uhusiano wowote na mapambo: iliyobaki inawaka inaonyesha hatua ambayo bodi imekwama. Kuna taa za bodi yenyewe, ukingo wa kulia, zinazoendeshwa na kidhibiti kidogo kilichounganishwa ndani kwa ndani kwa njia ya USB. Halafu kuna soketi mbili za kupeleka mwanga nje. Moja ni ya volti 12, pini nne: 12V, G, R, B. Ya pili ni ya volti 5, nafasi nne lakini pini tatu: 5V, data, pengo, graundi. Kitabu cha bodi kinataja ampea 3 kuwa mwisho wa kila soketi. Namba hiyo ya ampea tutairudia.

Jumamosi, 8 Machi 2025: BIOS kabla ya kugusa skrubu

Bodi ya B450 ya 2018 haiijui familia ya Ryzen 5000, iliyoanza kutoka Novemba 2020. BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine, ilisasishwa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kwa flashi iliyofomatiwa FAT32. Ukishaing'oa ya zamani, bodi isiyo na kitufe cha kusasisha bila prosesa haikupi nafasi ya pili.

Mambo mawili yasirukwe. Kusasisha BIOS kulirudisha mipangilio yote ya kiwandani, pamoja na ya taa na ya kasi ya RAM, kwa hiyo piga picha kila ukurasa kwanza. Pili, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, isimamishe kabla ya kuzima na uhifadhi ufunguo wa dharura nje ya mashine. Siku prosesa mpya inapoingia, BIOS itauliza kama fTPM, hifadhi ya funguo za siri ndani ya prosesa, ifutwe, Y au N. Ukibonyeza Y bila kuwa na ufunguo, diski haifunguki.

Hakuna gharama hapa.

Jumapili, 9 Machi: taa ya DRAM inayokataa kuzima

Prosesa za AM4 zina pini 1331 chini ya tumbo, na pesti ya kupitisha joto iliyokauka huishika prosesa kiasi kwamba ukivuta kipozaji inang'oka nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa. Mashine iliendeshwa dakika 15 ikiwa na kazi nzito ili pesti ilainike, ikazimwa, kipozaji kikazungushwa kushoto na kulia taratibu kabla ya kuinuliwa. Kilitoka chenyewe.

Baada ya kuunganisha kila kitu mashine iliwashwa. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi, taa ya DRAM ikawaka na kubaki hivyo. Mara ya kwanza baada ya kubadilisha prosesa na RAM kwa pamoja bodi hujifunza RAM mpya, na kwa DDR4 hilo halizidi dakika moja au mbili. Tulingoja sita. Haikuzima.

Tulivyojaribu, kwa mpangilio:

Kufuta CMOS, kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, kwa kugusisha pini mbili kwa sekunde 10, umeme ukiwa umetolewa. Hakuna badiliko.

Kusugua meno ya RAM kwa kifutio cha penseli, kama mafundi wengi wafanyavyo. Hakuna badiliko, na hatuishauri tena: chembe za kifutio zinadondokea ndani ya soketi. Kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti ya asilimia 99 kinatosha.

Kuacha RAM moja tu, nafasi ya A2, yaani ya pili kuhesabu kutoka kwa prosesa. Mashine ikawaka. Ya pili ilipopachikwa B2, ikawaka pia. Zilipohamishwa zote kwenye A1 na B1, zikagoma.

Hapo tatizo likaonekana kwa macho, kwa tochi iliyomulikwa kutoka upande wa kadi ya picha. RAM zenye taa ni ndefu kuliko za kawaida kwa sababu ya ukanda wa plastiki juu. Nafasi ya A1 iko karibu kabisa na kipozaji, na ukingo wa feni yake ulikuwa umelala juu ya ile plastiki. Bodi hii ina kibanio upande mmoja tu wa kila soketi ya RAM, na kibanio kilifunga kwa mlio wa kawaida, lakini upande wa pili RAM ilikuwa imeinuka kama milimita moja. Mlio wa kibanio kimoja hauthibitishi chochote kuhusu ncha isiyo na kibanio.

RAM zikarudi A2 na B2, ambako zilitakiwa kuwa tangu mwanzo kwa mujibu wa kitabu, na feni ya kipozaji ikapandishwa milimita 5 kwenye klipu zake ili isiguse hata hizo. Taa ya DRAM ikazima baada ya sekunde 40, VGA ikamulika, BOOT ikamulika, Windows ikafunguka. Pesti 5,000, spiriti 8,000.

Rekodi moja ya siku hiyo iliandikwa kwa haraka na ndiyo iliyokuja kugharimu wiki nzima: *feni ya nyuma ilimulika nyeupe kali mara moja wakati wa kuwasha, kisha ikakosa mwanga, inazunguka vizuri, isogezwe soketi nyingine.* Ilisogezwa. Ilipaswa kupimwa.

Jumatatu, 10 Machi: kulaumu programu

Mashine inafanya kazi, lakini taa zake ziko hivi: ukingo wa bodi umeganda kwenye nyekundu na haubadiliki, feni na kipozaji giza tupu, RAM zinapita rangi zote za upinde wa mvua.

Upinde wa mvua kwenye RAM usimdanganye mtu. RAM za namna hii zina kidhibiti chake chenyewe kinachoongea na mashine kwa njia ya SMBus (njia ndogo ya data ndani ya bodi), na kisipopata amri yoyote hucheza rangi hizo peke yake. RAM inayowaka haithibitishi kwamba kidhibiti cha bodi kiko hai.

Siku nzima ilikwenda kwenye programu. Programu ya taa ya mtengenezaji wa bodi ikaondolewa na kuwekwa upya mara mbili. Ilifunguka, ikaonyesha RAM tu, bodi haimo. Ikagundulika kuna programu ya pili ya taa, iliyokuja na RAM, nayo inajaribu kushika SMBus ileile. Mbili zikigombea njia moja, taa za RAM hukwama au hurukaruka, kwa hiyo ya pili iliondolewa. Huo ni usafi unaofaa kufanywa, ila bodi iliendelea kutoonekana.

Swali lililofaa kuulizwa asubuhi liliulizwa saa mbili usiku: je, Windows yenyewe inakiona kidhibiti? Njia ya haraka ya kujua ni kuikwepa Windows kabisa. Mashine ikawashwa kwa flashi yenye Linux ya kujaribu bila kusakinisha, na amri `lsusb` ikaorodhesha vifaa vya USB: kibodi, kipanya, flashi, na vituo vya ndani. Kidhibiti cha taa hakikuwemo. Basi hakuna programu duniani itakayokiwasha, na masaa yote ya kusakinisha na kuondoa yalikuwa bure.

Kidhibiti hiki hulishwa na umeme wa kusubiri, ile volti 5 ambayo pawasaplai huitoa hata mashine ikiwa imezimwa. Kikiganda, kuzima na kuwasha upya hakukigusi. Swichi ya pawasaplai ilizimwa, waya wa ukutani ukatolewa, kitufe cha kuwashia kikabanwa sekunde 15 kumaliza chaji iliyobaki, tukangoja dakika 5.

Ilipowashwa tena, `lsusb` ilikuwa na mstari mmoja zaidi. Baada ya sekunde chache ukapotea. Jaribio likarudiwa mara tatu na kila mara ilikuwa vilevile: kinajitokeza, kinaondoka.

Kitu kinachofufuka kila kinapopata umeme mpya kisha kinaanguka palepale, kina mzigo unaokiangusha.

Alhamisi, 13 Machi: bodi tupu na mita

Hapa ndipo kazi ilipaswa kuanzia siku ya kwanza. Kila plagi ya taa iling'olewa kutoka kwenye bodi. Feni zikaachwa zinazunguka, kwa sababu plagi ya kuzungusha ni tofauti na plagi ya mwanga. Umeme ukamalizwa kama awali.

Kidhibiti kikarudi kwenye `lsusb`, kikabaki. Ukingo wa bodi ukaitikia programu: kijani, bluu, zima, washa. Bodi haikuwa imekufa.

Sasa vipimo. Usiingize ncha za mita moja kwa moja kati ya pini za soketi ya taa. Pini zimeachana milimita 2.54, na ncha ikiteleza unafunga shoti wewe mwenyewe. Tumia nyaya ndogo za majaribio zenye mdomo wa kike, zile za wanafunzi wa umeme, moja kwenye pini ya 5V, moja kwenye graundi, upime mwisho wake mbali na bodi.

Soketi ya volti 5 ikiwa tupu: 5.04. Ikiwa na waya wa kugawa uliobeba feni za mbele, kipozaji na feni ya nyuma kwa pamoja: 0.3. Mzigo ukatolewa tena, volti haikurudi palepale. Ilichukua karibu dakika moja kupanda hadi 5.03. Hiyo ndiyo tabia ya fyuzi inayojirudisha: ikipata joto la mkondo mkubwa inabana, ikipoa inaachia. Fyuzi ya soketi ndiyo iliyoiokoa bodi hii.

Kisha kila kifaa kikapimwa peke yake, mashine imezimwa, mita kwenye ohm, kati ya waya wa 5V na graundi ya plagi. Feni za mbele: namba inaanza chini na kupanda taratibu hadi maelfu ya ohm, kwa sababu ya kapasita ndogo zilizo kwenye ubao wa LED. Kipozaji: vivyo hivyo. Feni ya nyuma: ohm 0.9, imetulia, haipandi. Ncha za mita zenyewe zikigusanishwa zinasoma 0.3, kwa hiyo kilichobaki ni ohm 0.6. Hiyo ni shoti.

Chanzo kilipatikana kwa kuangalia plagi. Feni za mbele zina plagi ya nafasi nne ambayo tundu la tatu limezibwa. Ukijaribu kuipachika kwenye soketi ya volti 12 pini ya tatu inagonga ukuta. Ile feni ya nyuma ni ya bei nafuu, na plagi yake ya mwanga ina matundu matatu yaliyofuatana bila pengo: V, D, G. Plagi ya namna hiyo haiingii kwenye soketi ya volti 5 ya bodi hii bila kiunganishi cha kubadilisha, lakini inaingia kirahisi kwenye pini nne za volti 12. Tarehe 9 ndiko iliwekwa.

Kilichotokea pale, pini kwa pini: V ilikaa kwenye 12V, D kwenye G, na graundi ya feni kwenye R. Katika soketi ya volti 12 pini za rangi ndizo zinazofunguliwa kwenda graundi rangi inapowaka. Bodi ilikuwa kwenye nyekundu, hivyo R ilikuwa wazi, na LED zilizoundwa kwa volti 5 zikapata 12 kamili. Ule mmuliko mweupe ulikuwa mwisho wake. Ndipo feni iliyokufa kwa shoti ikahamishiwa soketi ya volti 5, kupitia kiunganishi cha kubadilisha, ikaangusha soketi nzima, pamoja na vifaa vizima vilivyokuwa jirani na kidhibiti chenyewe.

Kwa anayefuata: kabla plagi yoyote ya taa haijaingia, soma maandishi yaliyochapwa kwenye bodi kando ya soketi, halafu hesabu pini. Mshale kwenye plagi unaonyesha upande wa umeme tu. Hausemi ni volti ngapi.

Jumamosi, 15 Machi: jaribio la kuiokoa feni

Feni ina LED 8 kwenye ubao wa duara. Kwenye LED za namna hii kila moja ina chipu ndani. Inapokea data, inachukua sehemu yake, inaipeleka iliyobaki kwa inayofuata. Ya kwanza ikifa, zote zilizo nyuma yake hazipati habari hata kama ni nzima. Ndiyo maana inafaa kujaribu kuiruka: unaitoa LED ya kwanza na kuunganisha waya mwembamba kutoka pedi ya kuingia kwenda pedi ya kutoka.

Ya kwanza ilitolewa kwa hewa ya moto. Ohm ikapanda kutoka 0.9 hadi 1.4 tu. Ya pili ikatolewa: 2.8. Ya tatu ilikuwa na kidoa cha kahawia katikati ya lenzi, kidogo kuliko kichwa cha pini, kinachoonekana kwa kioo cha kukuzia. Tukaishia hapo. Feni yenye LED 8 iliyopitishwa volti 12 haina LED ya kuaminika, hata zile zinazopima vizuri leo.

Mota yake haina tatizo, kwa kuwa ina waya wake wa volti 12. Waya wa mwanga ulikatwa, ncha zikafunikwa, na feni imewekwa akiba kwa mashine isiyo na mapambo.

Feni mpya yenye plagi ya nafasi nne na tundu lililozibwa, nayo yenye LED 8: 25,000. Ile iliyoungua ilikuwa 18,000.

Jumanne, 18 Machi: nyeupe inayogeuka nyekundu

Kila kitu kikapachikwa kimoja kimoja, volti ikipimwa baada ya kila plagi. Feni za mbele zilizofungwa mnyororo: 4.97. Kipozaji: 4.93. Feni mpya ya nyuma: 4.91. Kisha ukanda wa LED 60, mwanga mweupe kamili: 4.31 kwenye soketi, na mwishoni mwa ukanda 3.6. Sehemu ya mwisho ya ukanda ilikuwa ya waridi, na LED kumi za mwisho nyekundu kabisa.

Dalili hii wengi huidhania kuwa programu imekosea rangi. Maelezo yake ni ya umeme. Ndani ya LED moja kuna tatu: nyekundu inahitaji takriban volti 2 kuwaka, kijani na bluu karibu volti 3. Volti inaposhuka, bluu na kijani ndizo zinazofifia kwanza, na nyekundu inabaki peke yake.

Hesabu ilipaswa kufanywa kabla ya kununua ukanda. LED 36 za mbele, 20 za kipozaji, 8 za nyuma, 60 za ukanda: jumla 124. Kila moja kwa nyeupe kamili hula hadi miliampea 60. Hiyo ni ampea 7.44 kwenye soketi ya ampea 3. Haikufika huko kwa sababu volti ilianguka kwanza, na fyuzi ilikuwa imeanza kupata joto.

Jaribio lililoshindwa: waya wa kugawa mrefu zaidi na mnene zaidi, 6,000. Waya wa kugawa hauongezi hata miliampea moja. Unagawa umasikini uleule.

Kilichofaa ni habu, kigawanyi chenye milango kadhaa ya taa na plagi ya SATA (ile ya umeme wa diski), 22,000. Inachukua volti 5 moja kwa moja kutoka kwa pawasaplai, na kutoka kwenye bodi inachukua data na graundi tu. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 5, kila moja ampea 1.5, yaani 4.5 kwa jumla, kwa hiyo bado kuna ukomo. Mwangaza umewekwa asilimia 50: 124 mara miliampea 60 mara nusu ni ampea 3.72. Kwa macho tofauti ya asilimia 50 na 100 ndani ya kasha ni ndogo mno. Tumia plagi ya SATA iliyo kwenye waya wa pawasaplai yenyewe. Vile viunganishi vya kugeuza Molex (plagi ya zamani ya umeme ya pini nne) kuwa SATA, ambavyo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya, vinajulikana kwa kuungua, na hatutaviweka kwenye mzigo kama huu.

Baada ya habu, rangi ziko sawa, yakaja mambo mawili madogo.

La kwanza: ukanda ulikuwa unarukaruka, LED moja hapa na moja pale zikimeta bila mpangilio. Uliunganishwa na habu kwa waya wa nyongeza wa mita moja. Data huenda kwa kasi ya kilohetsi 800, na ikisafiri mbali kwenye waya mwembamba kabla ya kukutana na LED ya kwanza inafika imechakaa. Kila LED huichonga data upya kabla ya kuipitisha, kwa hiyo dawa haikuhitaji kununua kitu: ukanda uling'olewa kwenye waya mrefu na data yake ikaunganishwa mwishoni mwa mnyororo wa feni za mbele, sentimita 12 kutoka kwenye feni ya tatu. Umeme wa ukanda ukabaki kutoka kwenye habu, ili waya mwembamba wa feni usibebe mzigo wa LED 60. Kumeta kukakoma.

La pili: LED 6 za feni ya tatu na ukanda wote zikabaki giza. Programu ilikuwa imewekwa LED 30 kwenye soketi hiyo, na 36 toa 30 ni 6. Habu inapeleka data ileile kwenye kila mdomo, kwa hiyo namba inayotakiwa ni ya tawi refu kuliko yote: 36 na 60, yaani 96. Matawi mafupi yanachukua yanachohitaji na kuacha mengine.

Jumamosi, 22 Machi: taa zinazokesha

Mashine ikizimwa, ukingo wa bodi unaendelea kuwaka. Feni na ukanda zinazima, maana SATA haina umeme mashine ikilala. Huu ni ule umeme wa kusubiri tena. Kwenye BIOS, chini ya mipangilio ya umeme, `ErP Ready`, inayokata umeme huo mashine ikizimwa, iliwekwa `Enabled (S4+S5)`. Giza kamili.

Fahamu unachopoteza: simu haichaji tena kwenye USB mashine ikiwa imezimwa, na kuwasha kwa kibodi au kupitia mtandao hakufanyi kazi. Anayehitaji hayo aache ErP na azime taa za bodi kupitia BIOS, sehemu ya taa, kwa hali ya kuzimwa pekee, kama bodi yake inaruhusu.

Faida nyingine imejitokeza: kidhibiti sasa kinapata umeme mpya kila mashine inapowashwa, na tangu hapo hakijapotea kwenye orodha.

Jumapili, 6 Aprili: vipimo baada ya siku 15

Mashine imefanya kazi ya kuhariri karibu kila siku. Kasha limefunguliwa mara moja tu kupima.

Kwenye habu: 5.02. Mwisho wa ukanda, nyeupe, asilimia 50: 4.78. Plagi ya SATA imeguswa baada ya saa mbili za mwanga mfululizo: vuguvugu kidogo, plastiki haijabadilika rangi. Soketi ya volti 5 ya bodi: 5.04, kama siku ilipokuwa tupu.

Soketi ya volti 12 haina kazi kwenye mashine hii. Imevishwa kifuniko cha mpira na karatasi ndogo yenye maandishi ya wino: VOLTI 12, USICHOMEKE.

Fedha za taa hadi leo: pesti 5,000, spiriti 8,000, feni mpya 25,000, habu 22,000, jumla 60,000. Za kupotea: feni iliyoungua 18,000 na waya wa kugawa 6,000.

Kazi iliyobaki ni ya kufunga nyaya nyuma ya kasha. Feni ya nyuma itazungushwa digrii 90 ili plagi yake ifikike bila kutoa kipozaji.